Jenomu ya panya na jenomu ya binadamu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanarudi kila mara mtu akisoma kwamba dawa fulani imefanya kazi kwa panya, au akikutana na ile asilimia maarufu ya kufanana. Nimeanza na ya msingi kabisa mpaka yale ya wanaotaka kuchimba, na kama jambo limeshaelezwa sehemu nyingine nitakutajia namba ya swali uende huko.

## Tuanzie chini kabisa

1. Panya gani huyo anayezungumziwa?

Yule mdogo wa nyumbani, jina la kisayansi Mus musculus, gramu 20 hadi 30 hivi akishakua. Sio yule mkubwa, Rattus norvegicus, ambaye naye jenomu yake ilisomwa na matokeo yakatoka 2004 ila ni spishi nyingine kabisa. Hapa kila nikisema panya namaanisha mdogo.

2. Jenomu ni nini, na ya nani ni kubwa zaidi?

Ni DNA yote ya kiumbe, herufi nne A, T, G na C zimepangana mstari mrefu mno. Yetu ina herufi kama bilioni 3.1, ya panya kama bilioni 2.7. Huo ukubwa usikupe kiburi manake sehemu kubwa ya tofauti inatokana na vipande vinavyojirudia (swali la 9), sio jeni. Jeni ni vipande vya DNA vyenye maelekezo, na zile zinazotengeneza protini sisi tunazo kama 20,000 na panya yuko hapohapo, hata anatuzidi kidogo.

Sasa kuna namba moja naomba uishike: sehemu zinazosomwa moja kwa moja kutengeneza protini, ukizijumlisha zote, ni kama asilimia 1.5 tu ya jenomu yetu. Bila hiyo swali la 4 halieleweki.

3. Zilisomwa lini, na panya aliyesomwa alikuwa nani?

Ya binadamu rasimu ilitoka 2001, mradi ukatangazwa kukamilika 2003, lakini yalibaki mapengo ambayo yalikuja kuzibwa 2022. Ya panya ilitoka Desemba 2002 kwenye jarida la Nature, na ulinganisho na binadamu ulikuwa humohumo ndani ya ripoti, haukusubiri.

Aliyesomwa ni jike wa ukoo unaoitwa C57BL/6J, ukoo uliozalishwa kaka kwa dada vizazi na vizazi mpaka wote wanakaribia kuwa nakala za mwenzao. Walichagua hivyo makusudi. Mtu ana nakala mbili za kila kromosomu (nyuzi ambazo DNA imegawanyika ndani ya seli) na hizo nakala zinatofautiana, kwa hiyo ukisoma vipande vidogovidogo kisha uviunge inakusumbua kujua hii tofauti ni ya kweli au ni kosa la mashine, kwa panya wa ukoo huu nakala zote mbili ni zilezile na huo usumbufu haupo.

## Zile asilimia

4. Hivi tunafanana na panya asilimia ngapi? Nimeona 99, nimeona 85, nimeona 40, ipi ya kweli?

Zote. Hapa ndo watu wanachanganyikiwa kuliko sehemu nyingine yoyote, na kosa sio lao, ni la wanaoitaja asilimia bila kusema walipima nini.

Ile 99 ni kuhesabu jeni. Ukichukua jeni za panya moja moja ukauliza "huyu ana ndugu kwenye jenomu ya binadamu?", karibu asilimia 99 jibu ni ndiyo. Ukibana swali zaidi ukauliza zipi zina mwenzake mmoja kamili, moja kwa moja, zinashuka mpaka kama 80. Lakini hata hiyo 99 inakuambia tu kwamba jeni ipo, haisemi imeandikwa sawasawa.

Ile 85 ni ya maandishi yenyewe. Unachukua jeni na mwenzake, unapanga zile sehemu za protini herufi kwa herufi, wastani unapata kama 85. Ni wastani, kwa hiyo ziko zilizo juu kabisa zinazokaribia kufanana zote na ziko za 60 hivi. Zinazohusu kinga ya mwili na uzazi ndo zinakimbia haraka kubadilika, zinazohusu kujenga mwili wa kiumbe tumboni hazigusiki kirahisi.

Ile 40 ni ya jenomu nzima. Unajaribu kupanga DNA yote ya mtu ubavuni mwa DNA yote ya panya, na ni kama asilimia 40 tu ya yetu inayokubali kupangika ukasema hapa na pale pametoka sehemu moja. Inayobaki imefutwa upande mmoja, au imeingia upya, au imebadilika mpaka haitambuliki tena.

Afu kuna ya 90, ambayo ni ya mpangilio wa jeni kwenye kromosomu, hiyo iko swali la 7. Kwa hiyo mtu akikutajia asilimia, swali la kwanza kumuuliza ni asilimia ya nini.

5. Sokwe ni 98.8 na panya ni 99, kwa hiyo panya ni ndugu wa karibu kuliko sokwe?

Hapana, ni vipimo viwili tofauti vimewekwa kwenye mstari mmoja. Ile 98.8 ya sokwe ni herufi kwa herufi, tena karibu jenomu nzima inapangika. Panya kwa kipimo hichohicho hafiki popote, hata ukimpendelea ukapima protini peke yake anaishia 85. Na mtu kwa mtu ni kama 99.9.

6. Kama jeni ni karibu zilezile, mbona yeye panya na mimi mtu?

Kwa sababu kuwa na jeni ni jambo moja, na jeni hiyo iwake lini, wapi na kwa kiasi gani ni jambo lingine. Chukua PAX6, jeni inayosimamia kujengwa kwa jicho. Protini yake ina amino asidi (matofali yanayojenga protini) 422 na kati ya mtu na panya zinalingana zote, hakuna hata moja iliyobadilika tangu tuachane. Panya akiharibikiwa nakala moja anazaliwa na macho madogo, mtu akiharibikiwa nakala moja anazaliwa bila ile duara yenye rangi ya jicho au ikiwa nusunusu. Kifaa ni kilekile, ila jicho linalojengwa ni lako au lake kulingana na mazingira yote yanayoizunguka hiyo jeni.

Mfano mwingine naupenda sana ni jeni ya SHH, ambayo kati ya kazi zake ni kupanga vidole. Kipande cha DNA kinachoiwasha kwenye mkono na mguu kiko mbali nayo herufi kama milioni moja, tena kimejificha ndani ya jeni nyingine isiyohusika. Ukikifuta kwa panya, miguu yake inakatikia njiani, sehemu za mbele hazitokei. Kwa binadamu herufi moja tu ikibadilika humo inatosha mtoto kuzaliwa na vidole vya ziada. Jeni yenyewe haijaguswa, kilichoguswa ni kile kipande cha mbali. Tofauti nyingi kati ya spishi zinakaa kwenye vipande vya aina hiyo, na mradi mkubwa uliochapishwa 2014 ulionyesha kwamba vingi vya panya na vyetu vimeachana njia hata pale ambapo jeni zimebaki vilevile.

## Kromosomu na historia

7. Panya ana kromosomu 40 sisi 46, sasa mnalinganishaje?

Idadi haizuii kitu. Fikiria uzi wa shanga uliokatwa vipande mia tatu na kitu, vikaungwa upya kwa nyuzi nyingine na mpangilio mwingine: ukiangalia uzi mzima hutautambua, ila ndani ya kila kipande shanga zimebaki zinafuatana vilevile. Zaidi ya asilimia 90 ya jenomu zote mbili ni vipande vya namna hiyo.

Ukicheki moja moja inapendeza. Kromosomu yetu ya 20 yote iko ndani ya kromosomu 2 ya panya. Ya 17 yetu iko ndani ya 11 yake. Ya X jeni zake karibu zote ni zilezile, zimepanguliwa tu mpangilio. Lakini ya 21, ambayo ikizidi moja inaleta hali ya Down kwa mtoto, imetawanyika kwenye kromosomu tatu za panya: 16, 17 na 10. Ndo maana kutengeneza panya wa kuchunguzia Down ni kazi ngumu, huwezi tu kumuongezea kromosomu moja ukamaliza.

8. Kwani sisi tumetokana na panya?

Hapana. Yuko mnyama wa zamani, kati ya miaka milioni 75 na 90 iliyopita, ambaye ukoo wetu na ukoo wa panya ulitokea kwake. Huyo hakuwa panya na hakuwa mtu. Panya wa leo amebadilika muda uleule tuliobadilika sisi, tena DNA yake imebadilika haraka zaidi, karibu mara mbili ya yetu. Moja ya sababu ni vizazi: mimba yake siku 19 hadi 21, na wiki 6 hadi 8 baada ya kuzaliwa yuko tayari kuzaa.

9. Na ile DNA nyingine isiyo jeni, ni takataka?

Sio yote. Angalia hesabu hii, kwangu ndo tunda kubwa kuliko yote la kulinganisha jenomu hizi mbili: walipopima ni kiasi gani cha DNA kimebadilika polepole kuliko inavyotegemewa, yaani kuna kitu kinakilinda kisiharibike, walipata kama asilimia 5. Sasa kumbuka protini zinachukua 1.5 tu. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya kinacholindwa hakitengenezi protini, na bila panya wa kulinganisha naye tusingejua kwa urahisi kiko wapi.

Ila nyingi ya iliyobaki ni vipande vilivyojinakili na kujibandika ovyo. Sisi tuna kimoja kinaitwa Alu, nakala zaidi ya milioni, kama asilimia 10 ya jenomu. Panya ana chake B1, na vyote viwili asili yake ni jeni moja ya kawaida kabisa ya seli, kila ukoo ukakifuga cha kwake. Kwa panya vipande vya aina hii bado viko kazini sana, kama asilimia 10 ya mabadiliko mapya yanayoharibu jeni zake yanaletwa navyo, kwetu ni chini ya asilimia 1.

## Alichonacho yeye, tulichonacho sisi

10. Panya ana nini ambacho sisi hatuna?

Pua, kwanza. Jeni za kunusa zinazofanya kazi anazo kama 1,100, sisi kama 400, na ukipita kwenye jenomu yetu unakutana na mabaki mengi ya zilizokufa. Anatengeneza vitamini C mwenyewe, sisi jeni hiyo, GULO, imebaki gofu. Ana kimeng'enya cha kuvunja asidi ya yuriki ambacho kwetu kilishakufa, na ndo maana sisi tunapata jongo. Na zile jeni za familia ya P450 zinazochakata dawa na sumu anazo zinazofanya kazi 102, sisi 57, jambo ambalo litarudi kwenye swali la 14.

11. Na sisi tuna nini?

Vichache. CXCL8, protini inayoita chembe za kinga kwenye jeraha, panya hana mwenzake wa moja kwa moja. ARHGAP11B, inayohusika na kuongeza seli za gamba la ubongo, ni ya ukoo wa binadamu peke yake. Na rangi, sisi tuna vipokezi vitatu vya rangi machoni, yeye viwili.

## Maabara

12. Kwa nini panya na sio mnyama mwingine?

Mdogo, anazaa haraka, anavumilia kuzaliana ndani ya ukoo mmoja, na ameshafugwa kwa utafiti zaidi ya miaka mia. Ukoo wa C57BL, alikotoka C57BL/6, ulianzishwa 1921. Zaidi ya hapo, jeni zake zilianza kuhaririwa mapema kuliko za mamalia wengine, soma linalofuata.

13. Kuzima jeni maana yake nini na inasaidia nini?

Unaharibu jeni moja makusudi, unamzalisha panya asiye nayo, unaangalia kimekosekana nini. Panya wa kwanza wa namna hiyo walipatikana 1989, na Mario Capecchi, Martin Evans na Oliver Smithies wakapewa Nobel 2007. Siku hizi kwa CRISPR, mbinu ya kukata DNA mahali unapotaka, kazi imekuwa fupi sana. Kwenye jeni zilizozimwa kwa mpangilio, kama theluthi moja zinafanya panya wafe kabla ya kuzaliwa au wabaki wachache tu.

Mfano wa kukuonyesha inavyolipa, ingawa huyu jeni yake iliharibika yenyewe: mwaka 1949 maabara ya Jackson, Marekani, walimuona panya mnene kupita kiasi, anakula haachi. Wakamtunza, wakamzalisha. 1994 timu ya Jeffrey Friedman ikaipata jeni, inatengeneza homoni ya leptini, mafuta ya mwili yanaitoa kuuambia ubongo kwamba akiba ipo. Leptini ya mtu na ya panya zinafanana asilimia 84. 1997 wakaripotiwa watoto wawili wa ukoo mmoja, wanene mno, jeni ileile imeharibika. Mmoja akaanza kuchomwa sindano za leptini, njaa ikatulia, uzito ukashuka. Watu wengi wenye unene hawana tatizo hilo, leptini wanayo tena nyingi, lakini kwa wale watoto dawa ilipatikana kwa sababu mtu alimfuatilia panya mmoja mnene.

14. Mbona dawa nyingi zinaponya panya halafu kwa watu zinagonga mwamba?

Sababu ni nyingi na sio zote za jenomu, majaribio mengine yamefanywa kwa panya wachache au vibaya. Za jenomu zenyewe ni hizi. Dawa inavunjwavunjwa tofauti kwa sababu ya zile P450. Kinga inatofautiana: kwenye damu ya mtu chembe za nyutrofili ni nusu au zaidi ya chembe nyeupe, kwa panya ni robo au pungufu. Na kuna nyakati panya ana njia ya pembeni ambayo sisi hatuna. Mvulana akikosa jeni ya HPRT1 anapata ugonjwa mbaya sana, asidi ya yuriki inajaa na anajiuma vidole na midomo. Walipoizima kwa panya akabaki karibu mzima, na kwenye asidi ya yuriki jibu liko wazi, kimeng'enya cha kuivunja anacho (swali la 10). Panya wa kukosa distrofini, protini inayokinga misuli, naye misuli yake inaharibika taratibu kuliko ya mtoto mwenye ugonjwa uleule.

Kwa hiyo mimi naona swali la kuuliza kabla ya jaribio ni kama njia hii hasa ya mwilini ni ileile kwa wote wawili. Mara nyingi linaweza kujibiwa mapema, kwa kulinganisha jenomu tu.

15. Nilisikia utafiti ulisema panya hafai kabisa kwa magonjwa ya uvimbe (mwili unavyovimba na kuwaka ukiumia, sio saratani)?

Ulitoka 2013, ukasema jeni zinavyowaka kwa mtu aliyeungua au kuumia hazilingani na za panya. 2015 watafiti wengine wakachukua data ileile, wakazichuja kwa namna nyingine, wakasema zinalingana vizuri. Namna ya kuchagua jeni za kulinganisha ndo ilileta majibu mawili. Ukisoma kimoja bila kingine utapotea.

## Kwa wanaochimba

16. Ukimwekea panya jeni ya binadamu anakuwa na utu kidogo?

Hapana, anabaki panya mwenye protini moja ya binadamu. Virusi vya korona vya mwanzo havikuweza kuishika vizuri ACE2 ya panya, protini ambayo virusi hivyo huitumia kama mlango wa kuingilia kwenye seli, kwa hiyo wakatumia panya wenye ACE2 ya mtu, ambao walishatengenezwa 2007 kwa ajili ya SARS ya kwanza. 2007 hiyohiyo panya walipewa kipokezi cha tatu cha rangi na baadhi wakaweza kutofautisha rangi ambazo panya hazioni, ubongo ukaitumia taarifa mpya bila kufundishwa na vizazi vya mabadiliko. FOXP2, inayohusishwa na usemi, inatofautiana kwa amino asidi 3 tu. 2009 wakawawekea panya mbili kati ya hizo, zile zilizobadilika kwenye ukoo wetu, milio ya watoto ikabadilika kidogo. Hawakuongea.

17. Ni kweli kuna DNA ambayo haijabadilika hata herufi moja?

Kweli. 2004 vilihesabiwa vipande 481, kila kimoja kina herufi zaidi ya 200, vinavyolingana asilimia 100 kwa mtu, panya na yule panya mkubwa. Ungetegemea ukikifuta kimoja mnyama afe. 2007 wakafuta vinne, kimoja kimoja, panya wakaishi na kuzaa. Kinachovilinda namna hiyo bado kinatafutwa, na kwangu ni moja ya mambo ya kusisimua zaidi kwenye mada hii yote.

18. Mbona jeni moja inaandikwa PAX6 na Pax6?

Herufi kubwa zote ni ya binadamu, kubwa ya mwanzo tu ni ya panya. Angalia pia majina yasiyolingana: TP53 yetu kwa panya ni Trp53.

19. Panya wote wa maabara ni sawa?

Hapana, na hili linawaponza watu. C57BL/6J ina jeni ya Nnt iliyoharibika na inagusa mambo ya sukari mwilini. C57BL/6N hana hilo ila ana kasoro kwenye Crb1 inayoharibu retina. Ukilinganisha panya wako wa J na wa N ukadhani tofauti ni jeni uliyoizima, unaweza kuwa unapima kitu kingine kabisa.

20. Nataka kulinganisha mwenyewe, naanzia wapi?

Bure kabisa, unahitaji intaneti tu. Nenda tovuti ya Ensembl, chagua binadamu, andika LEP, fungua sehemu ya jeni za spishi nyingine, mtafute panya, utaikuta ile 84. Kisha fanya PAX6 uone tofauti. Ukitaka kujua panya wasio na jeni hiyo wanakuwaje, nenda MGI, hifadhidata ya jeni za panya ya maabara ya Jackson.

Kwa DNA isiyo jeni tumia kivinjari cha jenomu cha UCSC, washa mstari wa uhifadhi (unaoonyesha DNA ambayo haijabadilika sana kati ya spishi), utaona vilima vikisimama kwenye sehemu za protini na kwingine pakiwa tambarare. Ukikuta kilima kirefu mahali hakuna jeni, simama hapo, vuta karibu usome herufi zenyewe. Ila hakikisha uko kwenye toleo gani, GRCh38 kwa mtu na GRCm39 kwa panya, manake namba za mahali zinabadilika kati ya matoleo na ukichanganya na ya zamani GRCm38 utaangukia sehemu nyingine kabisa ya kromosomu.